Ujumbe Ulioishia Kwenye "Ha"

Ihalawe, Makambako
15 Juni 2025

Mke mwenzangu Nelly,

Kamwene. Hali yako siiulizi, maana mwenye hali nzuri angekuja nikamwona kwa macho. Kutoka Njombe mpaka hapa ni saa moja na ushee, hata gari likisimamishwa na trafiki mara mbili, na wewe hujakanyaga uwanja huu tangu Pasaka ya mwaka jana. Mwaka jana, Nelly! Yule mbuzi niliyekuambia ana mimba, mwanawe naye sasa ana mimba. Umejengewa nini huko, ukuta?

Unajua kwa nini naandika. Sikio la kushoto lilishakufa, la kulia linasikia simu kama nyuki ndani ya debe. Wajomba zako unawapigia, mama yako Esteria unamtumia picha, mimi tulikubaliana karatasi. Shule sikuiona, lakini herufi nilizitoa kwenye kitabu cha nyimbo cha kanisani, moja moja, kama anayechambua maharage. Kwa hiyo usome polepole, nami naandika polepole. Barua anakuletea Hilary wa pikapu ya mbao, mpe jibu hukohuko kwenye gari, usimzungushe.

Sasa sikiliza. Jumatano wanawake wa kikundi cha parachichi wote ishirini na watatu tulipata ujumbe kwenye vitochi vyetu, hizi simu ndogo za vibonyezo, kutoka kwenye huo mfumo wa parachichi unaoutengeneza ofisini kwenu. Zamani ulikuwa unakuja vizuri: "Ihalawe, gari litakuja Alhamisi saa mbili, chumeni asubuhi." Hata mimi nausoma bila miwani. Safari hii ulikuja umejaa vikwaruzo kama kuku amepita juu yake. Tukatafuta humo ndani tunachokifahamu. Tukaona Ihalawe. Tukaona tarehe kumi na mbili. Tukasema basi, ni kesho. Tukachuma alfajiri, umande bado, vidole vinauma kwa baridi.

Gari halikuja. Alhamisi halikuja, Ijumaa halikuja. Jana akaja kijana wa mnunuzi kwa bodaboda, akabonyeza tunda la Zipora kwa kidole gumba, kidole kikazama. Akasema haya hayapandi meli tena. Na akasema ujumbe ulitwambia wazi kwamba safari imeahirishwa.

Imeahirishwa wapi? Mimi sikuona neno hilo. Zipora hakuliona. Unamjua Zipora, mjane wa pale kwenye kona, miti yake ndiyo inazaa mara ya kwanza mwaka huu. Sasa nguruwe wake wanakula parachichi mpaka wanazichoka.

Nilisimama mbele ya kanisa mwezi wa pili nikasema: huu mfumo ameutengeneza mjukuu wangu, uaminini kama mnavyoniamini mimi. Niambie kilichotokea.

Bibi yako,
Hulda


Njombe
17 Juni 2025

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Hapa kazi imekuwa kazi kweli. Naamka, nakimbilia ofisini, nakaa mbele ya kompyuta mpaka miguu inakufa ganzi kwa baridi, nikirudi chumbani nalala na koti. Kila wiki nasema wiki ijayo nitakuja.

Pole sana kwa matunda, na pole kwa Mama Zipora. Kuhusu ule ujumbe, wakati mwingine mtandao wa simu unasumbua, maneno yanafika yamechanganyika. Mambo haya hutokea. Mwambie kila mtu safari ijayo mambo yatakuwa sawa. Gari linakuja Alhamisi tarehe 26, ujumbe mtaupata siku moja kabla.

Nakutumia sabuni na majani ya chai kwa Hilary. Nitakuja mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mjukuu wako,
Nelly


Ihalawe
19 Juni 2025

Nelly,

Sabuni imefika. Uongo nao umefika.

Mimi nimelea watoto saba na wajukuu kumi na wanne. Mtoto akivunja chungu huwa hasemi "nimevunja chungu", husema "vyungu vinavunjika". Wewe umeniandikia "mambo haya hutokea". Nimekuona tangu huko Njombe, umesimama na kishikio cha chungu mkononi.

Mtandao ungechanganya maneno ya mmoja. Sisi tulikuwa ishirini na watatu, na ujumbe ni ule ule mmoja, kikwaruzo kwa kikwaruzo. Nilikwenda kwa Zipora nikamwomba kitochi chake, nikakaa naye mlangoni, nikaunakili huo ujumbe herufi moja moja mpaka jua likanihama. Zipora hakunikaribisha ndani, lakini kitochi alinipa. Baadhi ya takataka nimeziruka, mkono ulichoka, ila huu hapa:

{"kituo":"Ihalawe","tarehe":"12-06-2025","saa":"08:00","zao":"parachichi","aina":"Hass","kreti":60,"ha

Umeona mwisho? "Ha", halafu kimya. Kama mtu aliyezibwa mdomo akiwa anasema. Ha nini, Nelly? Ni nini kilikuwa mbele ya hiyo ha?

Wanawake hawataki kuchuma tarehe ishirini na sita. Zipora amesema yeye atachuma akishaliona gari kwa macho yake. Lakini gari linasimama saa moja tu, na miti arobaini haichumwi kwa saa moja. Na kijana wa mnunuzi ametwambia gari likija likakuta banda tupu, msimu huu halikanyagi tena Ihalawe. Kwa hiyo unaona tulipo. Wakichuma kwa ujumbe wa uongo, matunda yanaoza. Wasipochuma, yanaoza vilevile, ila juu ya miti.

Usinitumie sabuni. Nitumie ukweli, nitanawa nao.

Bibi yako,
Hulda


Njombe
21 Juni 2025

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye pikapu ya Hilary, nikaomba ruhusa ofisini kuwa tumbo linauma, nikakaa kukuandikia.

Mbele ya hiyo "ha" kulikuwa na neno zima: "hali". Na baada yake: "imeahirishwa". Ujumbe wa kitochi una nafasi ya herufi mia moja na sitini tu. Vile vikwaruzo vilikula nafasi yote, neno lililokuwa la maana kuliko yote likabaki nje.

Ni mimi, Bibi. Si mtandao.

Nikueleze jinsi ilivyo. Ndani ya mfumo habari ni moja: kijiji, siku, saa, kama gari linakuja au haliji. Ikiwa humo ndani haina umbo, ni kama unga ndani ya gunia. Ili itoke na kusafiri lazima ipangwe kwenye mstari wa herufi, na namna ya kuipanga inategemea anayeuliza. Kompyuta ya mnunuzi ni ya zamani, inataka kila neno lifungwe mbele na nyuma kama mzigo wa mbao. Programu ya simu kubwa inataka mabano na vikwaruzo ulivyoviona, wenyewe wanaita JSON. Vitochi vyenu vinataka maneno matupu ya Kiswahili. Habari ni ile ile, unga ule ule. Aulizaye anatakiwa aandike juu ya ombi lake anataka namna gani, na mfumo unamjibu kwa namna hiyo. Sehemu hiyo sikuibuni mimi, ninajenga juu ya kiunzi kilichokwisha simikwa na watu wengine, nguzo zote zipo. Kazi yangu ni kuorodhesha namna tunazozijua.

Sasa, asiyeandika chochote anapewa namna iliyo ya kwanza kwenye orodha. Na ile mashine inayotuma ujumbe kwenye vitochi huwa haiandiki chochote. Inabisha hodi na kunyamaza. Maneno matupu yalikuwa ya kwanza kwenye orodha, kwa hiyo miezi yote hiyo mlikuwa mnasoma vizuri, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Jumatatu tarehe 9 bosi wangu, Elius, alikuwa na wageni wa kuwaonesha programu mpya ya simu kubwa. Ikanigomea: ilikuwa inakosea kuandika inachotaka, ikapewa maneno matupu. Nimehangaika tangu asubuhi, wageni wako njiani, Elius ananisimamia mgongoni anagongesha funguo za gari. Nikaupandisha mstari mmoja, JSON juu, maneno matupu chini. Programu ikakubali. Wageni wakapiga makofi. Nikaenda kula chipsi, Bibi. Sikuwakumbuka kabisa. Nilijaribu kwa simu yangu na kwa kompyuta ya Elius, na hizo zote zinasoma vikwaruzo.

Mlipopiga simu ofisini kulalamika, Elius alisema tuseme ni mtandao. Nami nikasema. Amesema kampuni ikikubali kosa, mnunuzi atavunja mkataba, na nikitoa neno nje nitafute kwingine.

Na kingine. Hilary ameniambia ufunguo wa banda la kukusanyia hauko kwako tena, wameuchukua, yuko nao Fidelia wa kikundi chenu. Na kwamba kanisani unakaa benchi peke yako. Mbona hukuniandikia hayo?

Nelly


Ihalawe
22 Juni 2025

Nelly mwanangu,

Sikukuandikia kwa sababu ile ile ambayo wewe hukuniandikia. Tumefanana, ndiyo shida yetu. Ufunguo ni chuma tu. Na benchi peke yangu nakaa vizuri, naweka na kapu.

Hilary amesimama anapiga honi, kwa hiyo nasema haraka.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Hayo ya kiunzi nimeyaelewa kuliko unavyodhani. Unakumbuka mgowe, watu wanapokuja kunilimia shamba la juu na mimi napika togwa? Kila mtu anakuja na chombo chake. Fidelia na kibuyu, Hilary na kopo lake la rangi, marehemu babu yako Anania na kile kikombe cha bati. Togwa ni lile lile la chungu kimoja. Nilikuwa namwangalia mtu mkononi, namtilia kulingana na alichoshika.

Lakini kila mgowe yupo mmoja anayekuja mikono mitupu. Mama mkwe wake Zipora alikuwa hivyo. Alikuwa anaona haya hata kuomba kikombe, anasimama pembeni anajifanya anafunga kanga. Je, nilikuwa namletea debe kwa kuwa debe ndilo lililo karibu? Nilikuwa nampa kikombe changu mwenyewe, kile chepesi, chenye mdomo mzuri. Na nilimwanza yeye, Nelly, kabla ya wenye vibuyu. Kwa nini? Mwenye kibuyu akikosewa atapiga kelele. Yule angenyamaza, arudi nyumbani na kiu yake.

Wewe, yule asiyesema umempa debe. Ukaenda kula chipsi.

Mimi sina hasira na kukosea. Mikono inayofanya kazi inakosea. Hasira yangu ni ya siku kumi ulizokaa na jambo hili huku Zipora akiambiwa yeye ndiye asiyejua kusoma. Unajua alimwambia nini Fidelia? Alisema, "Labda kweli mimi ni mjinga, dada, labda neno lilikuwepo sikuliona." Ameisafisha skrini ya kile kitochi kwa mate na kanga, anatafuta neno ambalo halikuwemo. Mjukuu wangu anajua halikuwemo, na amenyamaza.

Fanya mambo mawili. Rudisha hiyo orodha kama ilivyokuwa. Halafu waandikie wanawake wewe mwenyewe, kwa jina lako, kabla ya Jumatano. Si kampuni. Wewe. Bila hivyo hawachumi, na mimi sitawaomba wachume. Sitasimama mara ya pili mbele ya kanisa na mdomo niliopewa na Elius.

Kazi inaweza kupotea, najua. Nilikuona ulivyoisomea. Ningeweza kukwambia nyamaza tu, mke mwenzangu, kula ugali wako. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo hapa na mkono umekataa.

Hulda


Njombe
24 Juni 2025

Shikamoo Bibi,

Naandika kwa haraka, Hilary anapakia.

Orodha nimeirudisha, maneno matupu juu, na programu ya simu kubwa nimeifundisha kuandika inachotaka. Halafu nikaona haitoshi, maana kesho mwingine atakuja na haraka zake aupandishe mstari kama mimi. Kwa hiyo nimeweka jaribio linalobisha hodi na kunyamaza, kama ile mashine. Lisipojibiwa kwa Kiswahili cha kusomeka, mfumo unakataa kupokea mabadiliko yoyote. Nimeliita jina la mama mkwe wa Zipora, Dorika. Nimekosea?

Na "hali" nimeitoa mkiani. Sasa ndilo neno la kwanza.

Huu ndio ujumbe niliowatumia leo asubuhi, wote ishirini na watatu. Nimeuhesabu herufi, unaingia:

"Ni Nelly wa bibi Hulda. Ujumbe wa tarehe 11 niliuharibu mimi, si mtandao. Neno imeahirishwa halikuwepo. Mlisoma sawa. Mama Zipora, ulisoma sawa. Nisameheni."

Nimeubonyeza nikatoka nje nikasimama kwenye ukungu. Elius hajaingia ofisini bado.

Kesho mchana mtapata ujumbe wa gari. Tafadhali Bibi, waambie wachume.

Nelly


Njombe
27 Juni 2025

Shikamoo Bibi,

Mmechuma? Gari lilikuja? Nimepiga simu ya Fidelia haipatikani, mama naye hajui.

Mimi sijambo. Kazi inaendelea kama kawaida, niko na shughuli nyingi kidogo, pengine nisiweze kuja mwezi ujao kama nilivyosema. Usiwe na wasiwasi nami.

Niandikie japo mstari mmoja.

Nelly


Ihalawe
29 Juni 2025

Mke mwenzangu,

Nakuandikia zaidi ya mstari mmoja, kwa hiyo kaa chini.

Jumanne ujumbe wako uliingia tukiwa kwa Fidelia tunapukuchua mahindi. Vitochi vikalia kwa pamoja kama vyura. Kila mmoja akasoma kimyakimya. Nikawa nawaangalia midomo. Zipora alisoma, akarudia, halafu akasimama akausoma kwa sauti, mimi nikiwa nimegeuza sikio zima. Alipofika pale penye jina lake akainua macho. Akasema, "Mmesikia? Nilisoma sawa." Akarudia, "Nilisoma sawa mimi." Fidelia akaingia ndani kama anayetafuta ungo, na ungo ulikuwa mkononi mwake.

Jumatano ukaja ule wa gari. "LINAKUJA", neno la kwanza kabisa, halafu Alhamisi, saa mbili, Ihalawe. Watu wakamtazama Zipora, wala si mimi. Yeye akakunja kanga, akasema, "Basi tuchume. Ila Hulda, mjukuu wako namdai sura. Kuandika ameandika, nataka kumwona uso akisema." Akawa wa kwanza kwenda mitini.

Alhamisi banda lilijaa mpaka mlangoni. Saa mbili na robo gari likaja. Kijana yule yule akabonyeza tunda la Zipora kwa kidole gumba kile kile, na kidole hakikuzama. Miti yake ya juu ilikuwa haijachumwa mara ile ya kwanza, basi kreti tisa zimekwenda. Tisa si ishirini alizokuwa nazo. Analijua hilo, na atakapokuona atakuambia, na utasikiliza.

Ufunguo sijarudishiwa. Fidelia alitaka kunipa, nimemwambia akae nao, mimi magoti yangu yamechoka kukimbilia banda. Benchi la kanisani sasa tunakaa wanne. Kapu nimeliweka chini.

Sasa tuje kwako, muongo wangu.

"Kazi inaendelea kama kawaida." Hilary amekuona Ijumaa saa nne asubuhi umekaa pale stendi ya Njombe, unakula karanga, begi la kompyuta miguuni. Alikupigia honi hukugeuka. Mwenye shughuli nyingi kidogo hakai stendi saa nne asubuhi akila karanga. Kwa hiyo Elius amekutoa. Na wewe umeenda mpaka stendi, umefika mpaka mahali pa kupandia gari la kuja kwangu, ukashindwa kupanda. Uliona haya kuja mikono mitupu. Au nasema uongo?

Umemwandikia Zipora ukweli wenye herufi mia moja na kitu, na umenusurisha banda zima, halafu mimi, bibi yako, unaniletea tena chungu kilichovunjika na "mambo haya hutokea". Ningekuwa karibu ningekuchapa kwa mwiko, halafu ningekupakulia.

Na jina la Dorika hujakosea. Nimemwambia Zipora kwamba sasa mama mkwe wake anabisha hodi kwenye kompyuta kila siku, na wasipomjibu vizuri hakuna anayepita. Alicheka, Nelly. Alicheka mpaka akaketi.

Jumamosi unakuja. Hilary atakuchukua hapo hapo stendi, nimeshamwambia asiondoke bila wewe hata ukijificha nyuma ya wauza viazi. Usishukie kwangu. Shukia kwenye kona, kwa Zipora, uingie, ukae pale atakapokuonesha, na usianze kusema mpaka amalize yake. Ukimaliza huko ndipo upande huku juu. Wanakuja kunilimia siku hiyo, togwa nimelianza leo. Usinunue sabuni, usinunue majani ya chai, usilete kitu chochote mkononi. Kikombe cha babu yako nimekisugua kwa majivu, kimening'inia mlangoni, na nitakuanza wewe.

Bibi yako,
Hulda